Wino kwanza, mashine baadaye: vifaa vya kadi za mkono na vipi vitangulie

Kumi la mwisho la Ramadhani likikaribia, WhatsApp yangu hujaa picha za kitu kimoja: mashine ya kukatia maumbo, ina mpini wa kuzungusha ubavuni na karatasi iliyotobolewa maua ikichungulia upande wa pili. Chini yake swali: "Dada, shemeji yuko Dubai, anarudi Alhamisi. Nimwambie aichukue?" Jibu langu ni lile lile kila mwaka. Mwambie alete pedi mbili za wino. Mashine ngoja kwanza.

Si kwamba mashine haina kazi; ninayo na ninaipenda. Ila bei yake inaweza kununua pedi za wino zaidi ya kumi, na haiokoi kadi iliyochapwa vibaya. Mteja akipokea kadi, jambo la kwanza hupitisha kidole gumba juu ya maandishi. Nimewatazama wengi, wala wenyewe hawajijui. Wino ukitoka pale kidoleni, yale maua uliyokata kwa ustadi hayakusaidii kitu.

Kwa hiyo nitafuata mpangilio ambao pesa inapaswa kutoka mfukoni: wino, karatasi, mihuri, kisha vya kukatia. Mimi nafanyia kazi Tanga, hewa ya bahari dirishani, kwa hiyo nikisema wino fulani unachelewa kukauka, mtu wa Arusha au Nairobi apunguze kidogo.

Wino

Pedi ya ofisi, ile ya zambarau au buluu ya mezani kwa karani, iache kwa karani. Wino wake umetengenezwa ubaki na majimaji kwenye pedi muda mrefu na unyonywe haraka na karatasi nyembamba ya risiti. Kwenye kadi nzito unatambaa kando ya herufi, "Hongera" inaota ndevu. Katika orodha hii ni ya mwisho, na ndiyo wengi wanayoanza nayo kwa sababu iko kila duka la vifaa vya shule.

Ya kwanza ni pedi nyeusi inayokauka upesi. Hapa jiulize swali moja tu: baada ya kuchapa picha, utaipaka rangi kwa nini? Kama ni rangi za maji na brashi, chukua Archival ya Ranger, nyeusi. Ikishakauka, maji hayaiamshi. Kama ni kalamu za rangi zenye spiriti, mfano Copic, chukua Memento nyeusi. Hiyo spiriti haiigusi, lakini maji yanaivuruga. Ukizigeuza utachora bibi harusi mzuri halafu wanja umtiririke hadi kidevuni. Kama hupaki rangi kabisa, yoyote kati ya hizo itakutosha mwaka mzima, hasa ukinunua na chupa yake ndogo ya kuongezea wino. Wengi wanasahau chupa, pedi ikififia wanaitupa.

Ya pili ndiyo inayoniingizia pesa: VersaMark pamoja na unga wa rangi ya dhahabu unaoyeyuka kwa joto. VersaMark ni wino usio na rangi, unanata kama asali iliyopanguswa vibaya mezani. Unachapa, huoni kitu ila alama ya unyevunyevu. Unamwagia unga, unainamisha kadi na kuikung'uta juu ya karatasi ili unga uliobaki urudi koponi, kisha unapasha joto. Kwa sekunde chache hakuna kinachotokea. Halafu punje zinalegea kwa pamoja, zinang'aa kama samli kikaangoni, na jina la mtu limeinuka juu ya karatasi kwa dhahabu. Wateja wa harusi hawaulizi bei tena baada ya hapo.

Draya ya nywele haifai kwa kazi hii. Joto lake halitoshi na upepo wake unapeperusha unga kabla haujayeyuka. Unahitaji kile kifaa cha kupuliza joto kali, jamaa wa ile bloa ya mafundi simu, na kwa kadi zako tano za mwanzo mwombe fundi jirani akupashie, upepo aushushe chini kabisa. Kabla ya kuchapa, pitisha pamba yenye poda ya mtoto juu ya kadi. Huku kwetu pwani karatasi huwa na unyevu, vidole navyo vina mafuta, na bila poda vumbi la dhahabu litaganda hata pale usipotaka.

Nafasi ya tatu naipa VersaFine Clair, kwa maandishi membamba: khati ya Kiarabu, majina, tarehe. Huu ni wino wa chembechembe za rangi zinazokaa juu ya karatasi badala ya kuzama ndani, ndiyo maana mistari yake haitanuki. Na ndiyo maana unachelewa kukauka. Masika moja nilichapa kadi 60 za harusi kwa wino wa jamii hii juu ya karatasi yenye mng'aro, nikazipanga rundo, nikalala. Asubuhi kila kadi ilikuwa na jina la bwana harusi mgongoni, limegeuka kama kwenye kioo. Kosa halikuwa la wino. Karatasi ya mng'aro hainyonyi, na Aprili ya Tanga haikaushi hata kanga. Sasa nazianika mojamoja usiku kucha, na kwenye mng'aro sichapi kwa wino huo kabisa.

Distress Oxide, iliyotoka 2017, ni ya starehe. Unaipaka kwa sponji kufanya mawingu ya machweo nyuma ya msikiti au mnazi. Ukinyunyiza maji inafunguka na kuwa kama chaki. Nzuri sana, lakini si ya pesa ya kwanza. StazOn nayo ina kazi moja ambayo nyingi kati ya hizi haziiwezi: kushika kwenye plastiki, kioo na karatasi ya mng'aro. Nunua nyeusi peke yake, na funga kifuniko vizuri, maana kukauka haraka kwenye kadi ndiko kukauka haraka kwenye pedi.

Karatasi

Manila ya shule ni laini, inabonyea, na kadi yake hulala chali mezani badala ya kusimama. Tafuta karatasi ngumu ya gramu 250 hadi 300 kwa mita ya mraba, isiyo na mng'aro, uso wake laini. Yenye mikunjomikunjo ya urembo inapendeza dukani lakini inavunja herufi za muhuri. Mahali pa kuipata kwa bei ya chini ni kwa wachapaji wa vitabu na kalenda: ukatwapo mzigo wao hubaki vipande ambavyo kwao ni taka na kwako ni kadi. Nenda na rula.

Kabla ya kulipa, pinda karatasi taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, bila kuivunja. Upande unaopindika kwa urahisi ndio nyuzi zake zilikolala, na mkunjo wa kadi ufuate hapo. Ukikunja kinyume, rangi ya juu inapasuka na mgongo wa kadi unakuwa kama ukingo wa chapati kavu. A4 moja ukiikata katikati inakupa vipande viwili vya A5, na kila kimoja kikikunjwa ni kadi ya A6. Chora mstari wa mkunjo kwanza kwa rula na kalamu iliyokwisha wino.

Mihuri

Hapa ushauri wangu unawashangaza wanaotazama video za Wamarekani. Muhuri wa kwanza usiagize nje. Seti za nje zimejaa maneno ya Kiingereza, na mteja wako anataka "Pole kwa msiba", "Hongera kwa kipaimara", "Idi Mubarak". Nenda kwa fundi wa mihuri wa mjini, yule anayetengeneza mihuri ya kampuni. Nilipokwenda mara ya kwanza aliniuliza:

"Ya shule au ya ofisi, mama?"

"Ya Idi."

Akaweka miwani vizuri. "Idi ipi? Ina namba ya usajili?"

Tulielewana mwishowe. Cha kumwambia ni kwamba unataka mpira mtupu uliochongwa, bila kile kibebeo kinachojipaka wino chenyewe, kwa sababu kibebeo kinakufunga kwenye wino wake, na kazi yote tuliyofanya hapo juu ya kuchagua wino inakuwa bure. Mpira utaubandika mwenyewe kwenye kipande cha mbao. Mpelekee maandishi meusi juu ya nyeupe, mistari isiwe kama uzi.

Baada ya huo ndipo uje kwenye mihuri ya plastiki inayoona ndani, ile ya kubandua na kubandika kwenye kipande cha akriliki. Faida yake ni kwamba unaona unapochapa, kwa hiyo maneno hayaendi mrama. Lakini kuna mizuri na kuna ya silikoni rahisi. Ile rahisi wino hauukubali. Unajikusanya matone kama maji kwenye jani la mgomba. Kama umeshauziwa, usiutupe. Sugua uso wake taratibu kwa kifutio cha penseli, mng'ao utoke, wino utashika. Yote iweke mbali na jua, maana jua linaigeuza njano, na usiisafishe kwa dawa kali ya kutoa wino wa StazOn.

Mihuri ya mpira mwekundu iliyogongwa kwenye mbao inadumu na inachapa vizuri, ila ni mizito na kwa mizigo ya ndege uzito ni pesa. Naiweka ya tatu kwa sababu hiyo tu. Asiye na pesa kabisa achonge kifutio kwa kiwembe. Nyota, jani, mashua, vyote vinawezekana. Herufi uzichonge kinyumenyume, la sivyo utasoma "AREGNOH" na hakuna wa kumlaumu.

Mwenye mkono unaotetemeka aangalie MISTI au jamaa zake. Ni ubao wenye kifuniko cha bawaba: muhuri unaganda kifuniko, kadi inashikwa na sumaku, na ukichapa hafifu unarudia palepale bila kuhama hata unywele. Mimi niliununua kabla ya mashine ya kukatia na sikujuta.

Vya kukatia

Kisu cha karatasi, rula ya chuma na mkasi mdogo wenye ncha vitakufikisha mbali kuliko unavyodhani. Panchi za maumbo zinafuata. Unabonyeza, unapata ua au nyota, kila moja ina umbo lake hilohilo hadi kufa. Nunua ya duara kabla ya ya kipepeo. Ikianza kung'ata karatasi badala ya kuikata, toboa nayo karatasi ya foili ya jikoni mara kadhaa, makali yanarudi kiasi.

Mashine inunue siku umepata oda ya kadi hamsini zenye umbo moja. Wakati huo chagua ya kuzungusha kwa mkono, si ya umeme. Sababu ya kwanza unaijua: umeme unakatika usiku wa kuamkia harusi. Sababu ya pili, Cricut, moja ya hizo za umeme, inaendeshwa kwa programu ya kampuni inayotaka ujisajili kwanza. Mwenzake, Silhouette, ina afadhali kwa sababu programu yake inafanya kazi bila intaneti. Mashine hizo mbili zinakata umbo lolote unalochora, hilo siwanyimi, na kama unauza stika na fulana pia, basi hesabu yako ni nyingine.

Kwa za mkono, tazama upana wa mdomo. Sizzix Big Shot inameza inchi 6, yaani kipande cha A5 kinapita kwa upana wake. Ndugu yake mdogo, Sidekick, mdomo ni inchi 2.5: inatosha maua na vitambulisho vya zawadi, uso wa kadi haupiti. Kinachokata ni kalibu, yaani umbo la chuma lenye makali linalobanwa juu ya kadi, kati ya bamba za plastiki. Kalibu za chuma nyembamba za kampuni nyingine zinakubali mashine hizi maadamu zinaenea. Kalibu yako ya kwanza iwe seti ya mistatili au duara zilizoingiana, kubwa hadi ndogo. Kalibu ya mwezi na nyota uliyoiona inakonyeza itakusubiri; utaitumia mwezi mmoja kwa mwaka.

Mara ya kwanza itatoa sauti ya kupasuka, krak, ukadhani umeiharibu. Ni bamba za plastiki zinabanwa. Baada ya kazi nyingi bamba zinapinda kama ulimi. Zigeuze juu chini kila mara, na weka pesa ya bamba mpya kwenye hesabu tangu mwanzo, kwa sababu ni za kuisha kama sabuni. Kwa kalibu yenye matundu madogo sana, weka kipande cha karatasi ya kuokea kati ya chuma na kadi, umbo litabanduka bila kuchomolewa kwa pini.

Na bahasha inunue kabla hujakata kadi hata moja. Ya C6 ni milimita 114 kwa 162, kadi ya A6 inaingia vizuri ikiwa bapa. Ukiongeza tabaka mbili za maua yaliyokatwa na utepe, kadi imenenepa na bahasha hiyohiyo inachanika pembeni. Miaka ya mwanzo nilikuwa nakata kwanza, kisha nashinda njaa mjini kutafuta bahasha ya kipimo ambacho hakuna kiwanda kinachokitengeneza.