Dawa ya kutuliza kwenye kiti cha meno: tathmini ya kliniki iliyomhudumia mdogo wangu

Tathmini hii inahusu kliniki moja binafsi jijini Dar es Salaam, ambako mdogo wangu, mwanamke mtu mzima mwenye sindromu ya Down, alizibwa meno na kung'olewa gego akiwa amepewa midazolamu, dawa ya kutuliza. Mapokezi ni mazuri na bei ni ya juu. Kilichonisukuma kuandika ni namna walivyomfuatilia tangu dawa ilipoanza kumwingia hadi alipozinduka.

Mdogo wangu hata akiwa macho hasemi anapoumia, hunyamaza tu, kwa hiyo asingeweza kumwambia mtu yeyote kwamba pumzi inamwia nzito. Zaidi ya hapo, wenye hali yake mara nyingi wana njia nyembamba ya hewa, wengi huzaliwa na kasoro za moyo, na shingo zao hazipaswi kulazwa nyuma kwa nguvu. Daktari wa usingizi aliyauliza yote hayo kabla ya kupanga tarehe, akataka pia majibu ya kipimo cha moyo, na akamruhusu mdogo wangu auzoee mkanda wa presha ili usimtishe siku yenyewe.

Ninalolisifu kuliko yote ni kwamba daktari wa meno hakuachiwa kazi mbili. Anayeng'oa jino macho yake yako kinywani, hawezi wakati huohuo kuhesabu pumzi. Kazi hiyo ilikuwa ya daktari wa usingizi peke yake, naye hakubanduka. Kwa kuwa mdogo wangu huchezesha mikono bila kukoma, na mtikisiko huifanya oksimita, yaani kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni katika damu, itoe namba zisizoaminika, kifaa hicho kilihamishiwa kwenye kidole cha mguu. Tulikuwa tumeagizwa mapema asipakwe rangi ya kucha wala piko, kwa sababu huweza kuzuia mwanga ambao oksimita huutegemea, agizo la maana sana kwa mtu asiyekosa harusi.

Kasoro yao kubwa ni kukosa kapnografu, yaani kifaa kinachopima kaboni dioksidi katika pumzi inayotoka. Mgonjwa anayeongezewa oksijeni puani anaweza kuendelea kusoma asilimia 98 au 99 kwenye oksimita ilhali pumzi zake zimekwisha kufifia, lakini kapnografu huonyesha badiliko hilo pumzi kwa pumzi. Daktari alilieleza jambo hili bila kuficha, akalifidia kwa stetoskopu shingoni na kwa kukitazama kifua. Namheshimu kwa bidii hiyo, ila kliniki inayopokea wagonjwa wasioweza kujieleza inapaswa kununua kifaa chenyewe.

Flumazenili, dawa ya kuondoa nguvu ya midazolamu, ilikuwa tayari mezani na haikuhitajika. Hawakutuharakisha kuondoka; mdogo wangu aliendelea kupimwa mpaka alipoweza kutembea bila kushikwa.

Naipendekeza kliniki hii, kwa sharti moja: daktari wa usingizi hayupo kila siku, basi ulizeni kabla ya kwenda, na kama hayupo, ombeni tarehe nyingine.