Maharage: uyaunge kwa nazi au kwa alizeti?

Kwa ladha nazi imeshinda, hilo halina mjadala. Kwa kolesteroli, alizeti iko mbele. Nazi haina kolesteroli yenyewe, ila zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni yale mazito yanayoganda kwenye baridi, nayo hulifanya ini lizembee kuondoa LDL, ile kolesteroli mbaya, kwenye damu. Ya alizeti mazito ni kama asilimia 11 tu.

Maharage husaidia kwenye sufuria zote mbili: nyuzinyuzi zake zinazoyeyuka hunasa nyongo kwenye utumbo na kutoka nayo, ini likalazimika kuchota kolesteroli ya damu litengeneze nyongo nyingine. Tui zito liwe la Ijumaa. Siku nyingine, kijiko cha alizeti kinatosha kukaangia kitunguu.