Uzoefu wangu na inspekta ya Node.js: haudownload kitu, tayari unayo

Kama unaandika JavaScript ya ku seva na kila ukipata bagi (kosa mu programu) unajaza console.log, ile amri ya kuandika thamani ku skrini, mu kila faili, jaribu kwanza inspekta, chombo cha kutafuta makosa yenye iko ndani ya Node yenyewe, ile programu inayoendesha JavaScript ku seva. Mi niko naitumia hapa Lubumbashi kwa kazi ya kila siku na sitaki tena kingine.

Kwanza hakuna cha kuinstall. Huku mega ni bei na kuranti inakatika wakati yoyote, lakini hii iko ndani tangu Node 6.3 ya mwaka 2016. Unaandika node --inspect-brk app.js, programu inaanza na kusimama ku mstari wa kwanza, kiisha unafungua chrome://inspect mu Chrome, unabonyeza inspect chini ya jina la faili yako, umeingia. Hata intaneti haihitaji, yote inapita ndani ya ordi yako, 127.0.0.1 poti 9229.

Kuna depo moja ya unga kule Katuba, programu yao ya komande niliikuta imeandikwa na mtu mwengine, mteja akiomba aletewe nyumbani bei inaharibika kabisa: unga 42000, usafiri 3000, fakturi inatoka 420003000! Na ukisoma loge (yale console.log inaandika) unaona 42000 na 3000 safi tu, hakuna cha kushuku. Nikaweka brekipointi, alama ya kusimamisha programu, ku mstari wa kujumlisha, nikatuma komande, programu ikasimama pale, na pembeni mu Scope, orodha ya variabo, nikaona bei: 42000 halafu usafiri: "3000", na zile alama zake za maandishi. Ndio hivyo, fomu ilikuwa inatuma usafiri kama maandishi, na JavaScript ikikuta maandishi ku alama ya + haijumlishi tena, inabandika moja nyuma ya ingine. console.log ikiandika maandishi peke yake haiweki zile alama, ndiyo maana loge zilikuwa hazisemi kitu. Programu ingali imesimama nikaandika mu konsoli bei + Number(usafiri), ikajibu 45000, yaani dawa unaijaribu mbele ya kugusa kodi, hiyo njo naipenda kupita yote.

Ila ku seva yenye watu wako wanatumia, chunga. Brekipointi inasimamisha JavaScript yote ya ile proses (programu inayotembea), wateja wote wanangoja, kwa hiyo pale weka logipointi, inakuandikia variabo bila kusimamisha. Kama seva ni Linux na inatembea tayari, kill -USR1 na namba ya proses inawasha inspekta bila kuzima seva. Na tafadhali sana usiandike --inspect=0.0.0.0 ku seva iliyo wazi ku intaneti, mwenye kufikia ile poti anaweza kuendesha kodi yoyote anayotaka ndani. Pitia SSH tu, njia salama ya kuingia mu seva toka mbali: ssh -L 9229:localhost:9229 kiisha jina la seva yako.

Koneksio ikiwa mbaya, Chrome kupitia SSH inachosha kweli, hapo mi naacha picha zote naingia mu seva na SSH ya kawaida, naandika node inspect -p na namba ya proses. Ni maandishi matupu: n mstari unaofuata, s kuingia ndani ya funksio, c kuendelea, repl kuuliza variabo. Haina uzuri wowote lakini inatembea hata mtandao ukiwa dhaifu.