Rododendroni nyeupe kwangu Ilboru: nilinunua miwili, umebaki mmoja

Miche ya rododendroni, kichaka cha maua, niliitoa kwenye kitalu cha kando ya barabara hapa Arusha miaka mitatu iliyopita, shilingi 25,000 kila mmoja. "Dada, hii haina shida, inamea popote," muuzaji akaniambia. Mengine aliyosema yalikuwa kweli: haipukutishi majani mwaka mzima, na maua yake ni meupe pee. Hilo la popote ndilo lililonigharimu.

Mche wa kwanza uliuawa na majivu. Kwetu majivu ya jikoni hayatupwi, yanakwenda kwenye migomba na mboga. Mama mkwe alipokuja kututembelea akaumwagia ndoo nzima, kwa upendo kabisa. Kumbe rododendroni inataka udongo wenye tindikali, pH (kipimo cha tindikali) ya 4.5 hadi 6 hivi, na majivu yanavuta upande mwingine. Majani yakageuka manjano, ikabaki mishipa tu ya kijani. Hiyo ni dalili ya kukosa madini ya chuma. Yanaweza kuwa yamejaa udongoni, ila mmea hauwezi kuyafyonza. Mimi nikadhani ni njaa, nikaongeza samadi mbichi. Nilipoung'oa, mizizi ilikuwa bado na umbo la kile kiroba ulichokuja nacho. Haikuwa imetoka hata kidole kimoja kwenda nje.

Wa pili nao ukaanza umanjano, bila majivu. Safari hii ni maji. Kisima chetu kina magadi, nayo yanavuta upande uleule wa majivu. Maharage kwangu yanaiva upesi bila kuongezewa chochote, na meno ya kahawia ya watoto wa mtaa wetu yanaeleza yaliyobaki. Nikafunga gata, nikaweka simtanki ya lita 1,000, na tangu hapo unakunywa maji ya mvua tu. Februari maji hayo yakikaribia kuisha, kufua nguo kunasubiri.

Niliuhamishia upande wa mashariki wa nyumba, unapopata jua la asubuhi peke yake. Shimo nilichimba pana, si refu, nikajaza mboji na takataka za chini ya misonobari, shina nikaliacha limeinuka kidogo juu ya ardhi. Mizizi yake ni myembamba kama nywele na inatambaa juujuu, kwa hiyo jembe halikaribii. Matandazo ya majani ya msonobari yanazuia magugu. Salfa ya unga kutoka duka la pembejeo inasaidia pia kuongeza tindikali, ila taratibu mno, msitarajie muujiza wa wiki moja.

Afrika haina rododendroni ya asili, lakini ndugu zake tunao: ile miti ya erika unayoikuta Kilimanjaro ukishatoka kwenye msitu ni ya ukoo huohuo.

Mwenye mbuzi asome hapa. Matawi niliyopogoa niliyaacha uani, beberu wetu akayala. Jioni anatoa mate, anatapika, miguu haimbebi. Daktari wa mifugo alikuja, beberu akapona, ila majani hayo ni sumu, hata kwa watoto.

Mwaka wa kwanza sikupata ua hata moja. Mwaka jana, baridi ya Julai ilipopita, yakachanua mashada kumi na moja. Nilimpelekea yule muuzaji picha. Hakuuliza habari ya mche uliokufa. Aliuliza kama nauza vipandikizi.