Kuuza nyumba Lubumbashi: komisioneri au ajansi?

Komisioneri, yaani dalali wa nyumba wa mtaani, hana ofisi. Ana simu mbili, kiti cha plastiki chini ya mwembe, na anajua nani amerudi mtaa wa Katuba na pesa kutoka migodi ya Kolwezi. Ukimwambia asubuhi, jioni watu wanagonga getini. Ajansi ya mjini huenda polepole: picha, karatasi, mkataba wa kuwapa kazi.

Kwenye bei ndiko wanakotofautiana sana. Ajansi hukutajia asilimia yake mapema. Tuseme asilimia 5 kwa nyumba ya dola 40,000, basi ni dola 2,000, na imeandikwa. Komisioneri huonekana rahisi, lakini umchunge: wewe umesema 40,000, mnunuzi ameambiwa 46,000, na hapo katikati wako makomisioneri watatu wanaogawana. Mjomba wangu aliijua bei halisi mezani, noti zikiwa zimeshahesabiwa.

Halafu sertifika, yaani cheti cha usajili. Kwa sheria ya 1973, ardhi ni mali ya Serikali, na haki yako inathibitishwa na cheti hicho. Nyumba haijawa ya mnunuzi kisheria mpaka apate cheti kipya kwa jina lake. Ajansi nzuri hukagua hilo kabla ya kutangaza. Makomisioneri wengi hawaulizi.

Mimi, nyumba ya Katuba yenye fishi tu ya parseli (karatasi ya kiwanja, si sertifika) ningempa komisioneri, bei tukiiandika na mnunuzi nikikutana naye mwenyewe. Ya mtaa wa Golf, yenye sertifika safi, ningeipeleka ajansi.