Kuchinja mbuzi nyumbani: ununue nini kwanza, nini baadaye, na nini uache dukani

Mwaka wa kwanza nilipochinja mbuzi wa Idd nyumbani, nilitandika turubai chini ya mwembe, nikamchunia hapohapo chini kwa kisu cha jikoni. Jioni tukala pilau yenye manyoya. Mama mkwe alikula kimya, akiyatoa moja moja na kuyapanga pembeni mwa sahani. Tangu siku hiyo nimenunua vifaa vingi, vingine nikavijutia. Mpangilio huu ndio ningeufuata kama ningeanza leo na pesa kidogo.

Wengi wangeanza na kisu. Mimi naanza na mahali pa kutundika. Mbuzi aliyening'inia ngozi inavuka kwa uzito wake, matumbo yanaangukia kwenye beseni, na nyama haigusi udongo wala manyoya. Chaguo la kwanza ni bomba la chuma lililolazwa juu ya nguzo mbili, kimo cha mita mbili hivi, lenye kulabu mbili za kupitisha nyuma ya kano za miguu ya nyuma. Fundi wa kuchomelea yeyote wa mtaani analiweza kwa siku moja. Mpangaji asiyeruhusiwa kuchimba amwambie fundi amtengenezee fito tatu za chuma zinazokunjwa, zisimame kama mafiga yaliyorefushwa. Tawi la mti liwe la mwisho: ni la bure, lakini mzoga unazunguka kama pia na siafu wanashuka bila kualikwa. Ukishakamilisha, ning'inia wewe mwenyewe kwanza. Likikubeba wewe, mbuzi wa kilo 30 si kitu.

Sasa visu, na viwe viwili. Cha kuchinjia kiwe kirefu, sentimita 20 au zaidi, bila meno, ili koo likatwe bila kusugua. Cha pili ni kifupi chembamba, sentimita 15 hivi, cha kuchunia na kutenganisha viungo. Victorinox ndicho kinachonipendeza mkononi. Tramontina cha Brazili kinafanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu, ila kinataka kunolewa mara nyingi zaidi. Vile visu vya seti ya sita ndani ya sanduku la kung'aa, mpe bibi harusi. Usisahau kinoo chenye pande mbili, laini na ya kukwaruza. Kisu ghali kisicho na kinoo hakimalizi mbuzi wa pili. Nolea ndani usiku wa kuamkia, maana mnyama hanolewi kisu mbele ya macho yake. Kwa mkono usioshika kisu, nunua glavu ya nyuzi za chuma kama bado una hofu. Mimi nina kovu, sina glavu.

Glavu za mpira, hata hivyo, sizifanyii mzaha. Homa ya Bonde la Ufa ilipoua watu Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007, kugusa damu na nyama za wanyama wagonjwa kulikuwa mojawapo ya njia kuu za maambukizi. Na mbuzi uliyemkuta amekufa mwenyewe usimpasue kabisa, inaweza kuwa kimeta. Mwite afisa mifugo.

Pa kukatia pana mjadala. Kwa nyama laini nachagua ubao mweupe wa plastiki nene: unasuguliwa kwa sabuni, unasuuzwa kwa maji yenye klorini, unaanikwa. Kwa mifupa hakuna kinachoshinda gogo la mti mgumu kama mkwaju, lakini likipasuka damu hujificha ndani ya nyufa, basi litupe. Meza ya chuma cha pua ni nzuri na ghali, na inaua makali ya kisu ukikatia juu yake moja kwa moja. Vigae vya jikoni, hapana.

Friza ndipo watu wanapopotezea pesa. Mbuzi wa kilo 30 hutoa mzoga wa kilo 13 hadi 15, na mtu anakimbilia friza ya lita 100 akidhani ataujaza wote siku hiyohiyo. Friza ya kiasi hicho hugandisha vizuri kilo tano hivi kwa siku. Ukiijaza nyama ya moto, ya katikati inaanza kunuka kabla baridi haijaifikia. Isitoshe, nyama iliyogandishwa kabla misuli haijakaza baada ya kuchinjwa na kulegea tena huwa ngumu kama kandambili. Iache kwanza saa 24 kwenye jokofu la nyuzijoto nne za Selsiasi au chini ya hapo. Ukigawa mafungu matatu ya udhiya, yaani nyama ya mnyama wa kuchinjwa Idd, siku hiyohiyo, fungu lako litaingia kwenye friza uliyonayo sasa hivi. Ukilazimika kununua, chukua ya kulala yenye mfuniko juu: umeme ukikatika, ikiwa imejaa na haijafunguliwa, hushika baridi kama siku mbili.

Msumeno wa umeme wa mifupa uache dukani. Mbuzi hukatika kwenye viungo kwa ncha ya kisu, na uti wa mgongo unamalizwa na shoka dogo. Anayetaka kuuza nyama haya hayamhusu hata kidogo: nyama ya kuuza hupita machinjioni na kukaguliwa. Msumeno wangu niliununua, nikautumia mara moja, sasa shemeji anakatia mbao za banda la kuku.