CD-ROM inasumbua: uhangaike na draiva au ununue ya nje ya USB?

Hapa Mbeya nimeulizwa hili mara nyingi, hasa na wanakwaya wenye nyimbo zao kwenye CD.

Kwa gharama, kurekebisha draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia CD-ROM) kunashinda: ukijifanyia mwenyewe ni bure. Kwenye Device Manager ya Windows (orodha ya vifaa), alama ya njano yenye kodi 39 mara nyingi hutokana na UpperFilters na LowerFilters, maingizo ya CD-ROM kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), mabaki ya programu za kuchomea CD. Weka nakala ya rejista, yafute, zima na kuwasha. Yangu ilirudi hivyo, na fundi mmoja wa Mwanjelwa alishaniambia imekufa! Ila ikisoma CD moja na kukataa nyingine, achana na draiva; hapo ni lenzi, na vumbi letu la kiangazi mnalijua.

Ya USB haikusumbui na draiva, Windows za sasa huitambua zenyewe. Udhaifu wake ni umeme: mlango wa USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu, ukizidiwa utasikia tik-tik-tik.

Una kompyuta ya Windows 98? Pambana na ya ndani. Laptopu isiyo na CD? Nunua ya USB.